Shajara ya Mradi: Kuondoa Ganzi ya Miguu Barabara ya Ihumwa

Mwishoni mwa Mei

Barabara ya Morogoro, kuanzia Buigiri na Chamwino, kupita Ihumwa na Nzuguni hadi Dodoma mjini, ina watu wengi wanaoishi kwa baiskeli. Wapo wauza maziwa wenye madumu mawili nyuma, wapo wa mboga, wapo walinzi na vibarua wanaokwenda Mtumba kwenye Mji wa Serikali. Karibu kila ninayezungumza naye ananitajia jambo lile lile bila kuulizwa: miguu inakufa ganzi. Vidole vinaanza kuchomachoma, chini ya wayo kunawaka, halafu mtu anabaki na mguu anaouona kwa macho lakini hausikii.

Kazi yangu ni tiba ya viungo. Mshirika wangu ni fundi baiskeli mwenye kibanda kando ya barabara hiyo, mtu ambaye baiskeli ya Phoenix ikipita nyuma yake anaweza kusema kwa mlio tu kwamba gololi za krenki, ile mikono inayoshika pedeli, zimekwisha. Tumekubaliana kutafuta mpangilio wa siti, pedeli na kiatu utakaomwezesha mtu kuingia mjini na kurudi kwao akiwa bado anavisikia vidole vyake. Tumejiwekea masharti mawili. La kwanza, kila kitu kipatikane hapa hapa: sokoni, kwenye mitumba, au kwenye rundo la vyuma vya fundi. La pili, tunabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati, mwendeshaji anakaa nacho wiki nzima ya safari zake za kawaida, ndipo tunagusa kingine. Ukibadilisha siti, pedeli na viatu kwa pamoja, mtu akipona hutajua kilichomponya, na jirani yake akija utamgharimu vitu vitatu pale ambapo kimoja kingetosha.

Niandike hapa ganzi yenyewe inavyotokea, kwa sababu yote tutakayofanya yanatoka hapo. Mbele ya wayo kuna mifupa mitano mirefu inayoelekea vidoleni, na katikati ya mfupa na mfupa hupita mishipa midogo ya fahamu na ya damu. Unapokanyaga pedeli, uzito unaingia kwenye sehemu ile pana nyuma kidogo ya vidole, ambapo vichwa vya mifupa hiyo vimekaribiana. Pedeli inasukuma kutoka chini, kiatu kinabana kutoka ubavuni, na mishipa ya fahamu iko katikati. Anayetembea kwa miguu anapumzisha wayo kila anapounyanyua. Anayeendesha baiskeli hauondoi mguu kwenye pedeli, na mahali panapokandamizwa ni pale pale kwa saa nzima. Ndiyo maana wengi wakishuka na kutembea kidogo ganzi inaondoka, na kuondoka kwake ni dalili nzuri kwamba tunashughulika na mgandamizo tu.

Katikati ya Juni

Tumeanza kwa kuuliza, kabla ya kushika spana. Kila anayesimama kibandani namwomba achore kwa kalamu kwenye wayo wake mwenyewe mahali ganzi inapoanzia, halafu aniambie iko wapi barabarani inapomkuta. Swali la pili watu waliliona la ajabu, lakini ndilo lililotupa kitu cha kushika.

Kijiweni kila mtu alikwisha amua kwamba mkosaji ni mzigo. Madumu mawili ya lita 20 yakijaa maziwa ni kama kilo 41, na baiskeli yenyewe ya chuma inakaribia nusu ya hapo, kwa hiyo hoja inaonekana imekamilika. Lakini wauza maziwa wanasema asubuhi, madumu yakiwa yamejaa, miguu haiwasumbui sana. Inawasumbua mchana, wanaporudi na madumu matupu. Mzee mmoja wa Buigiri alinieleza vizuri zaidi ya wote.

"Shikamoo mzee. Inakushika wapi?"

"Marahaba mwanangu. Nikishavuka Nzuguni. Nikifika Ihumwa mguu wa kulia sina. Nashuka naikokota."

"Na ukienda mjini?"

"Nikienda mjini upepo unanibeba."

Jibu lilikuwa hapo. Miezi hii upepo wa Dodoma unavuma kutoka mashariki na kusini-mashariki, na barabara hii inakwenda mashariki. Anayeingia mjini alfajiri anasukumwa mgongoni, tena upepo wenyewe bado haujapata nguvu. Anayerudi adhuhuri anaukabili usoni, jua likiwa kali na miguu ikiwa imeshavimba ndani ya viatu. Wale wa Mtumba, wanaotoka mjini asubuhi, wanatuambia kinyume chake: ganzi yao iko wakati wa kwenda, na jioni wanarudi salama. Barabara ni moja, baiskeli ni zile zile, na mzigo haukuingia kwenye hesabu.

Kwa hiyo tunachokitafuta ni nguvu inayoingia kwenye pedeli kwa kila msukumo, na muda inaokaa pale pale bila kuachia. Mzigo unaongeza nguvu hiyo wakati wa kupanda mlima na wakati wa kuanza kuondoka, lakini kwenye tambarare upepo wa mbele unaushinda mbali.

Wiki ya Sabasaba

Tumeanza na pedeli, kwa sababu ndiyo inayogusa wayo.

Pedeli za asili za baiskeli hizi zina vipande vya mpira mbele na nyuma, na katikati unapita mhimili wa chuma. Zikiwa mpya, mpira unaukalia wayo vizuri. Zikichakaa, mpira unaliwa, wakati mwingine unatoka kabisa, na mtu anabaki akikanyaga mhimili mwembamba na ncha za boliti. Mweke mtu huyo kwenye kandambili na mguu wake wote unabebwa na mstari mmoja wa chuma. Fundi alipanga pedeli za zamani chini tuzitazame, na nyingi zilikuwa zimeng'aa katikati pale wayo ulipokuwa ukisugua.

Dawa ya fundi ni tairi la lori. Anakata vipande viwili vinene, anavitoboa, anavifunga kwa boliti juu na chini ya pedeli, vichwa vya boliti vikizama ndani ya mpira visiguse mguu. Pedeli inakuwa pana na bapa, na mhimili unapotea. Yule mzee wa Buigiri amewekewa za namna hii na anasema ganzi sasa inamkuta mbele ya Ihumwa badala ya Nzuguni. Haijaondoka. Imesogea, na sisi tumeiandika hivyo hivyo.

Wenye uwezo kidogo tunawatafutia pedeli pana za baiskeli za milimani zilizoingia na mitumba ya Japani. Hapa kuna jambo la kuangalia kabla ya kununua. Krenki za vipande vitatu huchukua pedeli yenye nyuzi za inchi 9/16, na krenki za kipande kimoja huchukua ya nusu inchi. Haziingiliani, na anayelazimisha ataua krenki. Tena pedeli ya kushoto hufungwa kinyume: unaizungusha kushoto kuifunga, kulia kuifungua. Vijana kadhaa wamekuja na krenki zilizokwisha nyuzi kwa sababu mtu aliishindilia ya kushoto kwa upande wa kawaida.

Bado Julai, siku za baridi

Mama mmoja muuza mboga wa Ihumwa alileta ganzi ya mguu wa kushoto peke yake. Ganzi ya mguu mmoja inanivutia zaidi ya ya miguu miwili, maana mara nyingi kuna kitu kimepinda. Fundi aliinua gurudumu la nyuma, akazungusha krenki polepole, na sisi tukaitazama pedeli ya kushoto ikicheza juu na chini. Mhimili ulikuwa umepinda tangu baiskeli ilipoanguka. Kila mzunguko ulikuwa unaupindisha wayo wake ndani, halafu nje, na uzito wote unaangukia upande wa kidole kidogo. Mhimili ukanyooshwa, na gololi zikabadilishwa kwa kuwa nazo zilikuwa zimeliwa. Alirudi baada ya siku chache kutuletea mchicha na kusema mguu umetulia.

Kijana mwingine alikuwa na ganzi iliyoshuka kutoka paja la kulia hadi unyayoni. Aliyeambiwa ganzi ya mguu angeangalia kiatu. Tuliangalia siti. Springi moja ya nyuma ilikuwa imekatika, siti imelala upande, na ukingo wake ulikuwa unalibana paja kwa nyuma muda wote, kwenye njia ya mshipa mkubwa wa fahamu unaotoka matakoni kwenda mguuni. Springi imewekwa kutoka kwenye siti kuukuu. Nimemwambia arudi iwapo ganzi itaendelea kumfuata hata akiwa amekaa nyumbani, maana hapo itabidi tuutazame mgongo.

Mwisho wa Julai: urefu wa siti

Hili tumelikalia sana, na bado nalipenda.

Mtu akiwa na siti ya juu mno, mguu unapofika chini haufiki vizuri kwenye pedeli. Anaufuata kwa vidole, kisigino kinapanda, na wayo wote unabebwa na sehemu ya mbele. Hiyo peke yake inatosha kuleta ganzi, hata kwa kiatu kizuri. Baiskeli kubwa ya inchi 28 ikipewa mtu mfupi hufanya hivyo bila mtu kuinua siti, maana fremu yenyewe ni ndefu. Siti ya chini mno nayo ina kosa lake: goti linakunjika sana, mtu anasukuma kwa shida, na kila msukumo unakuwa mzito.

Kipimo tunachotumia hakihitaji chombo. Mwendeshaji anakaa juu ya siti, mtu anashika baiskeli, na yeye anaweka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kulalia upande. Akisha kurudisha wayo mahali pake, goti litabaki limekunjika kidogo, kiasi cha nyuzi 25 hadi 35, na hapo ndipo tunapotaka. Vaa kiatu unachoendeshea, siyo kingine, kwa sababu soli nene inabadilisha kipimo.

Halafu mahali pa wayo. Mafunzo mengi ya baiskeli husema sehemu pana ya wayo ikae juu ya mhimili wa pedeli. Kwa mwenye ganzi tunaupeleka wayo mbele zaidi, ili mhimili uwe nyuma ya sehemu hiyo kwa upana wa kidole kimoja au zaidi, ukielekea katikati ya unyayo. Mgandamizo unahama kutoka kwenye vichwa vya mifupa na kwenda mahali penye nyama. Wazee wa vijijini wanaoendesha kwa katikati ya unyayo huchekwa na vijana kwamba hawajui baiskeli. Nimewauliza wazee hao, na ganzi wanaisikia kwa wengine tu.

Ukisogeza wayo mbele, siti ishushwe kidogo sana, maana umeurefusha umbali ambao mguu unapaswa kuufikia. Tunaishusha, tunapima tena kwa kisigino, tunamruhusu aende.

Baada ya Nanenane

Wageni wa maonyesho ya Nzuguni wameondoka na barabara imepumua. Upepo ndio kwanza unazidi, kwa hiyo ni wakati mzuri wa kujaribu meno, yale yanayoshika mnyororo mbele na nyuma.

Baiskeli ya fundi, ambayo ndiyo ya majaribio, ina meno 44 mbele na 18 nyuma. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja linakwenda karibu mita 2.2, kwa hiyo mzunguko mmoja wa krenki unaipeleka baiskeli mita 5.4. Mtu anayekabili upepo kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa anazungusha krenki mara 31 tu kwa dakika. Wenye baiskeli za gia hupenda kuzungusha mara 80 hadi 90. Mzunguko wa taratibu namna hiyo maana yake ni kwamba kila msukumo ni mzito na mrefu, na wayo unakandamizwa kwa muda mrefu kabla ya kupata nafuu.

Tumeweka friwili, yaani meno ya gurudumu la nyuma, ya meno 22. Mzunguko mmoja sasa unakwenda mita 4.4, krenki inazunguka mara 38 kwa mwendo ule ule, na nguvu ya kila msukumo imepungua kwa karibu asilimia 18. Fundi alikwenda nayo hadi Chamwino mchana, upepo ukiwa usoni, akarudi akitabasamu. "Kaka, hii inazunguka, haisukumwi," akaniambia. Nimeiandika kama alivyosema, kwa sababu ndiyo maelezo mazuri zaidi ya jambo hili niliyoyasikia.

Kazi yenyewe ina mitego. Friwili ya zamani imekazwa na miguu ya mtu kwa miaka, haitoki kwa urahisi. Ufunguo wake wenye meno ndio unaofaa, na patasi na nyundo huharibu kitako. Meno manne yaliyoongezeka yanakula mnyororo. Ama unaongeza pingili mbili, yaani inchi moja ya cheni, ama unasogeza gurudumu la nyuma mbele kama sentimita moja na robo, kama nafasi ipo. Ukilisogeza, breki za fimbo za nyuma zinahama kutoka kwenye rimu na lazima zipangwe upya hapo hapo. Hatumwachii mtu aondoke kabla hatujaikaza breki na kuishika sisi wenyewe. Mtu mwenye kilo 41 nyuma na breki isiyoshika ni hatari kubwa kuliko ganzi yoyote.

Kuna wanaokataa meno 22. Wanasema watachelewa wakiwa na upepo nyuma, na ni kweli: kwenye kushuka au kusukumwa na upepo watazungusha miguu kwa kasi. Kwa muuza maziwa anayewahi wateja alfajiri hilo ni jambo la maana. Tumewapa hao meno 20, na wengi wameridhika.

Mzee wa Buigiri alichukua 22 bila kuuliza. Sasa anafika kwake bila kushuka.

Septemba: viatu

Viatu ni sura ndefu kuliko nilivyotarajia, na kila mtu ana maoni yake.

Kandambili kwanza. Tatizo lake kubwa ni kwamba haishikwi na kitu nyuma, na ili isianguke mtu anaikunja kwa vidole muda wote, bila kujua. Mwombe akuonyeshe vidole vyake akiwa anaendesha. Utaviona vimejikunja kama vimeng'ang'ania tawi. Misuli inachoka, vidole vinabanana, ganzi inafika mapema. Yeboyebo zina kasoro hiyo hiyo zisipokuwa na ukanda wa nyuma. Katambuga yenye mkanda wa kisigino inashinda zote mbili, maana soli ya tairi haikunjiki, mguu hauhangaiki kuishika, na hewa inapita. Tulipowahamisha watu kutoka kandambili kwenda katambuga yenye mkanda, bila kugusa kitu kingine, wengi walirudi wakisema vidole vimepata nafasi.

Raba za mtumba zinahitaji macho. Watu wanachagua kwa sura na rangi, na wanachukua namba inayobana kwa sababu wanaamini itatanuka. Kwa baiskeli fanya kinyume: nunua mchana au jioni, miguu ikiwa imeshavimba, na sehemu ya mbele iwe pana kiasi kwamba vidole vinajinyoosha bila kugusana kwa nguvu. Soli isiwe laini kama godoro. Ishike mbele na nyuma uijaribu kuikunja. Ikikunjika kwa urahisi, pedeli itapenya hadi kwenye wayo. Soksi nene ndani ya raba inayobana ni kuongeza ukuta ndani ya chumba kidogo.

Kibarua mmoja wa Mtumba alikuwa na ganzi juu ya mguu, kati ya kidole gumba na kidole cha pili, siyo chini. Kuna mshipa wa fahamu unaopita juu ya mguu na kutoa hisia kwenye upenyo huo, na kamba zake zilikuwa zimekazwa juu yake kabisa. Tuliruka matundu mawili ya kamba pale panapouma, tukaacha mengine kama yalivyo. Alikaa nazo wiki, akaja kuniambia imekwisha.

Kijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anayefanya mbio za baiskeli naye ametufuata. Yeye ana viatu vya mbio vinavyonasa kwenye pedeli kwa kliti, vile vibanio vya chini ya soli. Soli yake ni ngumu sana, pedeli ni ndogo, na kliti zilikuwa zimefungwa mbele kabisa. Tulizirudisha nyuma kuelekea kisigino kadiri matundu yalivyoruhusu, tukashusha siti kidogo, na nikamshauri alegeze kamba anapofika nusu ya safari, kwa sababu mguu wa mwisho wa safari ni mkubwa kuliko wa mwanzo. Amenunua pia soli ya ndani yenye kivimbe kidogo nyuma ya vichwa vya mifupa. Kivimbe hicho kinaitanua mifupa na kuipa mishipa nafasi, lakini kikikaa mbele mno kinazidisha maumivu, kwa hiyo kiwekwe nyuma na kisogezwe mbele taratibu.

Septemba, jambo la kulitenga

Mama mmoja alikuja na ganzi ya miguu yote miwili. Fundi alikuwa tayari na spana. Nilimuuliza kama anaisikia pia akiwa hayupo kwenye baiskeli, akasema inamsumbua zaidi usiku, kitandani, miguu inawaka hadi anaitoa nje ya shuka.

Hapo baiskeli haihusiki. Nilimwomba afumbe macho, nikagusa kwa wepesi, sekunde moja au mbili kila mahali, ncha ya kidole gumba, ya kidole cha katikati na ya kidole kidogo, miguu yote miwili. Ni kipimo kilichobuniwa Ipswich, Uingereza, kwa ajili ya wenye kisukari, na hakihitaji kifaa. Asiposikia sehemu mbili au zaidi kati ya hizo sita, mishipa ya fahamu ina shida na anapaswa kuonwa na daktari. Yeye alikosa zaidi ya mbili. Tumemsindikiza zahanati siku hiyo hiyo na sukari yake ilikutwa juu. Sasa yuko kwenye matibabu.

Tangu hapo nimeweka utaratibu: swali la usiku linaulizwa kabla ya spana. Ganzi inayokaa mtu akiwa amepumzika, inayopanda kutoka vidoleni kwenda juu, inayokuja na kidonda kisichouma, na mguu uliopauka au wa baridi, haya yote ni ya hospitali. Anayemeza dawa za kifua kikuu aulize kuhusu vitamini B6, kwa sababu isoniazidi inaweza kuathiri mishipa ya fahamu na vitamini hiyo huikinga. Mwenye baka la ngozi lisilosikia mguso aende apimwe ukoma bila aibu. Unatibika, na dawa zake ni za bure. Pombe nyingi kwa miaka nayo huua hisia za miguu. Nawasihi wenzangu wote wanaofanya kazi hii wasimrekebishie mtu siti wakati anahitaji daktari.

Oktoba

Joto limefika. Mchana ni nyuzi 30 na zaidi, na kila mguu unavimba. Waliopona Julai baadhi wameanza kusikia tena kuchomachoma kidogo wanaporudi adhuhuri. Hatukubadilisha baiskeli zao. Tulibadilisha namna ya kuendesha: kila wanapopita alama fulani, mti au kituo cha daladala, wanaacha kukanyaga kwa muda mfupi, wanashusha kisigino, wanakunja na kunyoosha vidole, na wanapoanza tena wanajaribu kuvuta mguu nyuma na juu badala ya kusukuma tu chini. Wakisikia kuchoma, wanashuka mapema na kutembea hatua kadhaa. Anayesubiri hadi vidole vipotee anahitaji muda mrefu zaidi kuvirudisha.

Wauza maziwa wa Chamwino wameamua wenyewe kuondoka mjini mapema zaidi, kabla upepo haujashika. Wazo hilo halikutoka kwetu, na kwa wengi wao limesaidia kuliko kiatu.

Mpangilio tunaomwanzishia mtu mpya sasa ni huu: swali la usiku, kisha kupinda kwa pedeli na siti, kisha urefu wa siti na mahali pa wayo, maana hivyo havina gharama. Akibaki na ganzi, vipande vya tairi kwenye pedeli na katambuga yenye mkanda. Meno ya nyuma yanakuja mwisho, kwa sababu ndiyo yanayogharimu, ijapokuwa kwa wanaokabili upepo ndiyo yaliyoleta tofauti kubwa kuliko yote. Fundi hakubaliani na mimi hapa. Anataka meno yaje mapema kwa kila anayekwenda mashariki, na amenipa sababu nzuri: mtu aliyechoka hatarudi mara tatu kibandani. Tumekubaliana kwamba wa Mtumba wapewe meno kwanza, wengine wafuate utaratibu wangu.

Mwanzo wa Novemba

Kabla mvua hazijaanza tunataka kumaliza friwili zilizobaki, kwa sababu barabara za pembeni za Buigiri zikishika tope, meno 18 yatamshinda kila mtu. Fundi ameagiza za meno 20 na 22 kutoka duka la vipuri karibu na soko la Sabasaba. Vipande vya tairi viko tayari kibandani, vimetobolewa. Wiki ijayo tunaanza na wanawake wa mboga wanaoendesha baiskeli za fremu kubwa kuliko wao. Kwao kushusha siti peke yake hakutoshi, kwa hiyo fundi anatafuta fremu ndogo za mitumba zinazokubali kufungwa keria nzito nyuma bila kupasuka kwenye maungio.